Shajara ya mradi: Fremu ya nishani za nahodha wa Ohio

Februari 3

Kamati imekubali. Tunatengeneza fremu moja kubwa ya kioo, itundikwe kwenye ukumbi wanakokaa mabaharia wastaafu hapa Mombasa. Ndani yake zitakaa nishani za vita za nahodha wa meli ya biashara, na chini yake maelezo ya Kiswahili ambayo mtu atayasoma amesimama, kikombe cha kahawa tungu mkononi. Nishani zitakuwa nakala. Za kweli zina bei ambayo hata tukichangishana mwaka mzima hatuifikii, na hata tungeifikia nisingezitundika kwenye ukumbi ambao mlango wake haufungwi.

Wazo la awali lilikuwa kuonyesha nishani za jeshi la wanamaji. Nilipinga. Wanamaji wana makumbusho yao na gwaride lao kila Novemba. Wazee wanaokaa pale ukumbini hawakupiga mizinga, walibeba saruji, chai, ngano na mafuta ya taa. Niliomba tumchukue mtu wa kazi yao, na tumemchukua: Dudley William Mason, nahodha wa meli ya mafuta Ohio, aliyeingia Malta tarehe 15 Agosti 1942 na meli ambayo kwa hesabu ya kawaida ilipaswa kuwa imeshazama siku mbili kabla.

Mpangilio ninaoufikiria kwa sasa ni Msalaba wa George juu katikati, peke yake, kisha chini yake safu ya nishani za kampeni, kisha maelezo. Safu ya chini haidai kwamba hizi ndizo alizokuwa akizivaa Mason kifuani. Ni zile ambazo njia kama yake ingempatia nahodha yeyote wa meli ya biashara wa miaka hiyo. Hilo litaandikwa wazi kwenye kibao, maana wazee wetu wakikuta neno moja la kutia chumvi hawatayaamini na mengine.

Februari 11

Nimeandika rasimu ya habari za meli. Imekuwa ndefu mara nne ya nafasi iliyopo, ila naiweka hapa nzima kabla sijaanza kuikata.

Ohio iliundwa Marekani, Chester katika jimbo la Pennsylvania, ikashushwa majini Aprili 1940 kwa kampuni ya mafuta ya Texas. Ilikuwa na mbio kuliko meli nyingi za mafuta za wakati wake, na bodi yake ilikuwa imeungwa kwa kulehemu badala ya ribiti. Wakati huo wapo waliokuwa hawauamini ulehemu. Katikati ya 1942 Waingereza walikuwa wanatafuta meli ya mafuta yenye mwendo wa kwenda sambamba na msafara wa kijeshi, nao hawakuwa nayo. Wamarekani wakaitoa. Mabaharia wake wakateremshwa, bendera ikabadilishwa, na wakapanda Waingereza wa kampuni ya Eagle Oil chini ya Mason, mtu wa miaka 40 aliyeanza kazi kwenye kampuni hiyohiyo kama mwanafunzi wa ubaharia.

Malta ilikuwa inakaukiwa. Kisiwa kile kiko katikati ya Mediterania, kusini mwa Sicily, na ndege na nyambizi za Waingereza zilizokuwa pale ndizo zilizosumbua meli za Wajerumani na Waitalia zilizokuwa zikipeleka mahitaji kwa majeshi yao Afrika Kaskazini. Bila mafuta vyote hivyo vingesimama, na watu wa kisiwa wangekufa njaa. Ndipo ukapangwa msafara wa meli 14 za biashara, zikizungukwa na manowari nyingi kupita kiasi, kwa jina la operesheni Pedestal. Meli 13 zilibeba shehena ya kila namna: unga, risasi, petroli kwenye mapipa. Ohio peke yake ilibeba mafuta kwenye matangi, tani zipatazo 11,500 za mafuta ya taa na dizeli.

Usiku wa kuamkia Agosti 10 walipita Gibraltar. Siku iliyofuata nyambizi ya Kijerumani U-73 ikaizamisha Eagle, manowari ya kubeba ndege. Jioni ya Agosti 12 nyambizi ya Kiitalia, Axum, ilifyatua topido nne kwa mkupuo mmoja na zikapiga meli tatu: manowari Nigeria, manowari Cairo, na Ohio. Wazee wakisikia hiyo ya topido nne kupiga meli tatu huwa wanasonya. Hata mimi nilidhani ni hadithi ya kilabuni mpaka nilipoikuta kwenye taarifa za pande zote mbili.

Topido ilimpiga Ohio kwenye chumba cha pampu na kufungua tundu la karibu mita 7 kwa 8. Dari ya sitaha ikapasuka. Moto ukawaka, wakauzima. Dira ikaharibika na usukani wa mbele ukakatika, wakawa wanaendesha kutoka nyuma. Mwandishi wa mjini angemaliza hapa na kusema ni muujiza. Watu wa kazi wataona la maana zaidi, kwamba kuta za matangi zilizolehemiwa zilishika, na mafuta ya taa ni mepesi kuliko maji. Shehena yenyewe ndiyo iliyokuwa ikiifanya meli ielee.

Asubuhi ya tarehe 13 ndege zikarudi. Moja ilidunguliwa ikaangukia sehemu ya mbele ya meli, nyingine ikaja kuangukia nyuma. Inasimuliwa kwamba ofisa wa nyuma alipopiga simu kwa msisimko kumwambia Mason kuna ndege imeanguka sitahani, Mason alimjibu kwa upole kwamba wao kule mbele wanayo yao tangu karibu nusu saa. Jibu hilo lazima liingie kwenye kibao, hata kama nitakata mengine yote.

Baadaye siku hiyo mitambo ikasimama. Mabaharia wakahamishwa, wakarudi, wakahamishwa tena, wakarudi tena. Wamarekani wawili kutoka Santa Elisa, meli iliyokuwa imekwisha kuzamishwa, walijitolea kupanda Ohio wakashika mizinga yake. Mwishowe manowari Penn ikajifunga ubavu mmoja, Bramham ubavu wa pili, Ledbury ikasaidia kuelekeza, na Ohio ikabebwa katikati yao namna mgonjwa anavyoshikwa kwapa na ndugu wawili. Sitaha ilikuwa karibu sawa na maji. Walikwenda hivyo usiku kucha, kando ya mabomu ya kutegwa yaliyokuwa majini, na asubuhi ya tarehe 15 wakaingia Bandari Kuu ya Malta. Siku hiyo ni sikukuu ya Santa Marija, na hadi leo Wamalta huuita msafara ule kwa jina hilo.

Katika meli 14 zilifika tano: Port Chalmers, Rochester Castle na Melbourne Star tarehe 13, Brisbane Star tarehe 14, na Ohio. Mafuta yalipokuwa yakipampuliwa, Ohio ilizidi kushuka, na ilipobaki tupu ikakaa juu ya mchanga wa bandari. Haikusafiri tena. Mwaka 1946 ilivutwa nje ya Malta ikazamishwa kwa mizinga.

Februari 18

Leo ni Msalaba wa George tu.

Nakala imefika kwenye bahasha yenye mapovu ya plastiki. Msalaba wenyewe ni wa fedha, mtupu, hauna madoido, na katikati kuna duara lenye Mtakatifu George juu ya farasi akimchoma joka. Kuizunguka picha kumeandikwa kwa Kiingereza maneno mawili yenye maana ya "kwa ushujaa". Riboni ni ya buluu iliyokolea, bila mstari wowote. Ya kweli huchongwa nyuma jina la mpewaji na tarehe ya tangazo la gazeti la serikali. Ya Mason ilitangazwa Septemba 1942, wiki chache tu baada ya kufika. Kwa mwendo wa serikali za vita hiyo ni haraka ya ajabu.

Mfalme George wa Sita aliianzisha nishani hii Septemba 1940, mabomu yakiangukia London. Ilikusudiwa hasa raia, na wanajeshi kwa vitendo ambavyo havikufanywa mbele ya adui. Aprili 1942, miezi minne kabla ya Ohio kufika, kisiwa kizima cha Malta kilipewa msalaba huohuo, na ndio ule unaoonekana kwenye kona ya bendera yao. Kwa hiyo nahodha aliyepewa Msalaba wa George alikiokoa kisiwa kilichokuwa nao tayari.

Fundi wa fremu, mtu wa Mwembe Tayari ambaye hana habari na mambo ya Malta, aliushika akaugeuza, akaniuliza: "Bwana, huyu alikuwa askari au hakuwa askari?"

Swali lake ndilo lililokuwa likiwasumbua wakubwa wa London tangu vita ya kwanza ya dunia. Msalaba wa Victoria, wa juu kabisa, ni wa ushujaa mbele ya adui. Ukitaka adui wa kumkabili, Mason alikuwa naye chini ya maji, juu angani na hata sitahani. Lakini alikuwa mwajiriwa wa kampuni ya mafuta. Manahodha wa zile meli nne nyingine zilizofika walipewa DSO, nishani ambayo kwa kawaida huenda kwa makamanda wa jeshi. Mhandisi mkuu wa Ohio, James Wyld, naye akapewa DSO. Nahodha wake akapewa Msalaba wa George. Safari moja, msafara mmoja, mabomu yaleyale, na bado wengine wakapambwa kama wanajeshi na mmoja kama raia. Kwa maoni yangu hiyo ni alama ya serikali ambayo haikuwa imeamua hawa watu iwaweke kabati gani.

Vita ya kwanza walipata njia ya mkato. Archibald Bisset Smith, Mskoti, nahodha wa Otaki, alikutana na Möwe ya Wajerumani katika Atlantiki tarehe 10 Machi 1917. Möwe ilikuwa meli ya kivita iliyojifanya ya mizigo, yenye mizinga kadhaa mikubwa. Otaki ilikuwa na mzinga mmoja. Smith alikataa kusimama, akapigana mpaka meli ikaanza kuwaka, akawateremsha watu wake, yeye akazama nayo. Walipotaka kumpa Msalaba wa Victoria wakakuta kwamba raia hapewi. Wakamfanya ofisa wa akiba wa jeshi la wanamaji akiwa ameshakufa, kisha mwaka 1919 wakampa. Frederick Parslow wa Anglo-Californian, aliyeuawa Julai 1915 akiikwepesha meli yake na nyambizi, alifanyiwa hivyohivyo. Mtu anaandikishwa jeshini kaburini ili karatasi zikae sawa.

Nilimsimulia fundi. Akacheka, akasema serikali zote ni moja.

Machi 1

Riboni zimefika, na zimenipa kazi kuliko chuma.

Nyota za kampeni za vita ya pili zote ni namna moja: nyota ya shaba yenye ncha sita, taji katikati na herufi za mfalme, na jina la kampeni likiizunguka. Ukizitazama kwa mbali huwezi kuzitofautisha. Kinachozitenganisha ni kitambaa. Inasemwa mfalme mwenyewe alishiriki kubuni rangi, na naamini, maana zina hesabu ya mtu aliyekaa chini akafikiri.

Nyota ya 1939–45 ina mistari mitatu sawasawa: buluu iliyokolea kwa wanamaji wa vita na wa biashara, nyekundu kwa jeshi la nchi kavu, buluu hafifu kwa jeshi la anga. Buluu iliyokolea hukaa mbali na bega la kushoto la mvaaji, yaani kwa mtazamaji inaanza kushoto. Baharia wa meli ya biashara aliipata kwa miezi sita baharini, na katika hiyo walau safari moja kwenye maji ya hatari.

Nyota ya Afrika ni ya rangi ya mchanga, kwa ajili ya jangwa, na katikati yake mstari mpana mwekundu, pembeni mwake mistari myembamba ya buluu mbili. Aliyeingia Mediterania kazini kati ya 10 Juni 1940 na 12 Mei 1943 alihesabika. Ndiyo maana baharia ambaye hakukanyaga hata ufukwe wa Afrika anaweza kuwa nayo.

Ile ya Atlantiki ndiyo iliyoniweka macho. Buluu, nyeupe na kijani cha bahari, lakini si mistari. Rangi moja inayeyuka ndani ya nyingine, na juu ya hariri kuna mawimbi yanayoonekana ukiielekeza kwenye mwanga. Kipande tulicholetewa kwanza na muuzaji kilikuwa na mistari mitatu iliyokatika wima kama bendera ya chama. Ukikiweka pembeni ya picha ya riboni ya kweli unaona mara moja. Niliandika, nikajibiwa kwamba "tofauti ni ndogo". Nikatafuta muuzaji mwingine. Kile kilichofika leo nimekishika dirishani kwa muda mrefu: buluu inapauka polepole, nyeupe haina mpaka, kijani kinaanza bila kujitangaza, na ukikitikisa kidogo mawimbi yanatembea. Aliyebuni hii alikuwa amewahi kusimama kwenye ngazi ya meli alfajiri.

Mwisho wa safu ni Nishani ya Vita ya 1939–45, ya duara, rangi ya fedha. Mbele ni kichwa cha mfalme, nyuma ni simba amesimama juu ya joka lenye vichwa viwili. Hii ilitaka siku 28 tu baharini, kwa hiyo karibu kila aliyesafiri aliistahili.

Kuistahili ni jambo moja, kuipata ni lingine. Mabaharia wa biashara hawakuletewa nyumbani. Ilibidi mtu aandike barua, ataje meli na tarehe, aombe. Wengi hawakuomba. Walikuwa wameshapanda meli nyingine, au hawakuona faida ya kipande cha shaba, au hawakujua. Kumbukumbu za waliodai zipo katika hifadhi ya taifa ya Uingereza, kundi BT 395, na zinaendelea hadi 2002. Yaani kuna watu walidai nishani yao zaidi ya miaka hamsini baadaye, na nadhani baadhi ni watoto waliokuwa wakitafuta kitu cha kuweka juu ya kabati.

Machi 9

Fundi cherehani ameshona safu. Kila riboni upana wa milimita 32, inapita kwenye pete ya nishani, inakunjwa nyuma, inashonwa kwa mkono kwenye kipande kigumu cha turubai. Nimemwomba nishani zipangwe kwa utaratibu wa kuvaliwa: 1939–45, Atlantiki, Afrika, Nishani ya Vita. Alitaka kuziweka kwa uzuri wa rangi, ile ya mchanga pembeni. Nikamwambia hizi zina foleni yake na foleni haivunjwi. Akanijibu basi afadhali uniandikie. Nimemwandikia kwa chaki mezani.

Zikigeuzwa, nyota zote ni tupu mgongoni. Uingereza haikuandika majina kwenye nishani za vita ya pili. Australia, India na Afrika Kusini waliandika za watu wao. Na hata Uingereza yenyewe, baada ya vita ya kwanza, ilitoa nishani maalumu ya shaba kwa mabaharia wa biashara, zaidi ya 133,000, kila moja ikiwa na jina la mtu kwenye ukingo. Riboni yake ni kijani na nyekundu, katikati mstari mwembamba mweupe, na baharia yeyote anaisoma bila kufundishwa: taa ya kulia, taa ya kushoto, taa ya mlingoti.

Nimeamua nyota ya nne, nakala ya akiba, itawekwa kifudifudi ndani ya fremu. Mtu aone mgongo wake mtupu. Fundi anasema wageni watadhani imeanguka. Waulize basi.

Machi 16

Leo nimekaa na habari moja tu, ya tuzo iliyomuua mwenyewe. Haihusiani na Ohio, ila nimeomba kamati ipate kibao kidogo pembeni.

Charles Fryatt alikuwa nahodha wa Brussels, meli ya kampuni ya reli iliyokuwa ikivuka kati ya Uingereza na Uholanzi katika vita ya kwanza. Tarehe 28 Machi 1915 nyambizi ya Kijerumani U-33 ilimwamuru asimame. Yeye akaigeuza meli ikaielekea, nyambizi ikalazimika kuzama haraka. Wakuu wa jeshi la wanamaji walifurahi wakampa saa ya dhahabu, na kwenye saa wakachonga jina lake, jina la meli, na tarehe ya tukio.

Juni 1916 manowari za Kijerumani zilimkamata na kumpeleka Ubelgiji. Saa ile ikawa ushahidi. Maandishi yaliyochongwa kwa kumsifu ndiyo yaliyotumika kuthibitisha kwamba yeye, raia asiyekuwa jeshini, alijaribu kuigonga nyambizi ya vita. Alihukumiwa Bruges tarehe 27 Julai na jioni hiyohiyo akapigwa risasi. Kwa sheria ya Wajerumani, kosa lake halikuwa kupigana bali kupigana bila kuwa askari.

Nilipomsomea mmoja wa wazee wetu, mtu aliyemaliza kazi akiwa serahangi, yaani mkuu wa mabaharia wa sitaha, alikaa kimya kidogo kisha akasema, "Kumbe bora ile nyota isiyo na jina." Sikumjibu. Nimemwekea alama kwenye daftari: nyota ya kifudifudi ikae karibu na kibao cha Fryatt.

Machi 23

Beji. Fupi tu.

Mwanzoni mwa 1940 mabaharia wa biashara walipewa beji ndogo ya kubandika kwenye ukosi wa koti: herufi M na N (Merchant Navy, yaani wanamaji wa biashara), kamba kuzizunguka, taji juu. Sababu ni kwamba walikuwa wakitembea mitaani na nguo za kawaida, na kuna watu waliowaona vijana wenye afya nje ya sare wakawaita waoga. Mtu ametoka kuogelea kwenye mafuta yanayowaka Atlantiki, anapanda tramu Liverpool, anaambiwa ajiandikishe jeshini. Nakala ya beji nimeipata kwa bei ya chakula cha mchana. Itakaa chini kabisa, upande wa kulia.

Aprili 5

Tuliwaonyesha wazee rasimu nzima mezani. Walisoma, wakachekea jibu la Mason la ndege, wakabishana kuhusu chumba cha pampu. Kisha akauliza yule serahangi: "Na waliotoka hapa Kilindini je?"

Alijua anachouliza. Khedive Ismail, meli ya abiria iliyokuwa ikibeba askari, iliondoka Kilindini mwanzoni mwa Februari 1944 katika msafara wa kwenda Colombo. Ndani yake kulikuwa na kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, askari wa kwetu waliokuwa njiani kwenda Burma, pamoja na wauguzi, wanawake wengine wa majeshi na mabaharia wengi wa Kihindi. Tarehe 12 Februari, karibu na Maldives, mchana baada ya chakula, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido. Ilizama kwa takriban dakika mbili. Walikufa watu karibu 1,300. Manowari zilizokuwa zikiisindikiza zililazimika kudondosha mabomu ya maji kuiwinda nyambizi iliyojificha chini ya walewale waliokuwa wakielea. I-27 ilizamishwa siku hiyohiyo.

Nahodha wake, Roderick Whiteman, alizama nayo. Hapa sheria ya nishani inaonyesha ukali wake. Wakati ule aliyekufa hakuweza kupewa DSO, wala DSC ya maofisa wa wanamaji, wala nishani nyingine za daraja la kati. Kwa marehemu kulikuwa na Msalaba wa Victoria na Msalaba wa George kule juu kabisa, halafu barua ya kutajwa au pongezi ya mfalme kule chini. Katikati hakuna kitu. Aliyeiokoa meli akaishi alikuwa na ngazi nzima ya kupandishwa. Aliyebaki sitahani mpaka maji yakamfunika alipaswa kuwa shujaa wa juu kupita wote, au basi. Mabadiliko yalikuja 1979.

Askari wa mizinga waliopotea wameandikwa kwenye mnara wa kumbukumbu wa Afrika Mashariki, ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi. Mabaharia wa meli za biashara za Uingereza wasio na kaburi wako Tower Hill, London: karibu majina 24,000 ya vita ya pili peke yake. Wazee walitaka tuandike yote mawili, na yataandikwa. Fremu imekuwa pana kuliko ukuta tuliopangiwa, kwa hiyo tunahamia ule wa kaskazini, ambao hata hivyo ni bora kwa sababu dirisha la baharini haliupigi jua. Riboni zinapauka haraka, na chumvi ya hapa inaila shaba ndani ya msimu mmoja.

Aprili 13

Maelezo ya mwisho ya kibao cha katikati, baada ya kukata na kukata:

"Dudley Mason, nahodha wa meli ya mafuta Ohio. Agosti 1942 aliifikisha Malta meli iliyotobolewa kwa topido na kuangukiwa na ndege mbili, ikiwa imefungwa ubavuni mwa manowari, na mafuta ndani. Hakuwa askari. Alipewa Msalaba wa George, nishani ambayo Malta nayo ilikuwa imepewa Aprili. Nishani za chini ni mfano wa zile ambazo nahodha wa meli za biashara angeweza kuzipata. Moja imegeuzwa makusudi."

Kamati imeomba neno "shujaa" liongezwe. Nimewaambia msalaba umeshalisema. Tumekubaliana libaki hivyo, kwa kura, na mwenyekiti alipiga upande wangu baada ya kuona kwamba mstari mmoja ukiongezwa herufi zitakuwa ndogo na wazee watatafuta miwani.

Kinachobaki: mahameli ya buluu ya kuweka nyuma, vifuko vya kukausha unyevu (vile vya kwenye maboksi ya viatu, tunavikusanya), na skrubu zisizoshika kutu. Vibao vya Fryatt na Khedive Ismail viko kwa mchapaji. Kioo kinakatwa Jumatano, fundi ameshalipwa nusu.